Uliza Mwalimu: Nimeombea upole miaka mitatu, mbona bado nafoka?

Jamani wapendwa, asanteni kwa meseji zenu. Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari za fadhila, yani zile tabia njema za moyo, nikasema hakuna mtu anayezaliwa mpole wala mvumilivu, mtu anakuwa, na anakuwa kwa kufanya kazi pamoja na Mungu. Basi hapo ndo mkanijaa! Sijaweza kujibu yote. Nimechukua machache na la kwanza nimelikalia sana, mtanisamehe likiwa refu, lakini naona ndilo linaloumiza wengi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi kijana wa miaka 29, natokea bara, nipo huku Paje mwaka wa nne nafanya kazi risepsheni. Shida yangu ni hasira. Mgeni akinijia juu kwa ajili ya maji ya moto au intaneti navumilia kwa sababu ni kazi, ila nikigeuka nawamalizia wenzangu. Juzi nimemfokea dada wa usafi mbele za watu kisa taulo mbili, mpaka akalia. Nimeombea upole miaka mitatu. Nimefunga, nimeombewa, nimewekewa mikono, nikitoka pale nakuwa sawa wiki moja afu narudi kulekule. Rafiki yangu mmoja anasema ndo nilivyoumbwa nikubali tu, mwengine anasema siombi kwa imani. Sasa Mwalimu, mtu kubadilika ni kazi ya Mungu au ni kazi yake mwenyewe? Manake kama ni ya Mungu mbona hafanyi, na kama ni yangu basi mi nishashindwa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nimefurahi kuwa hukumsingizia yule dada wala zile taulo. Umesema "nimemfokea", ukaishia hapo. Wengi wetu hata hapo hatujafika.

Nikujibu sasa. Ni kazi ya Mungu na ni kazi yako, yote kwa pamoja, wala si nusu kwa nusu kama watu wanaochangia nauli ya teksi. Fungua Wafilipi sura ya 2, aya ya 12 na 13. Paulo anawaambia "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka", afu hapohapo anaongeza "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu". Hebu liangalie hilo "kwa maana". Anawaambia fanyeni kazi kwa sababu Mungu yumo kazini tayari, ndani yenu. Na anasema hata kule kutaka kunatoka kwake. Sasa wewe umeutaka upole miaka mitatu hujachoka, umeanguka umerudi, umeanguka umerudi, unadhani hamu hiyo umeipata wapi? Mtu aliyeachwa na Mungu hamwandikii mwalimu kuhusu taulo mbili.

Mie ni mtu wa Pemba, na mtoto wa Pemba anaijua karafuu kabla hajaijua a be che. Msimu ukifika usiku watu wanakaa kuchambua. Unashika kishada, unakigandamiza kwenye kiganja huku unakizungusha, karafuu zinadondoka upande huu makonyo unatupa upande ule, mpaka dole gumba linakuwa jeusi na harufu haitoki hata kwa limau. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi. Zikipata jua kali siku tatu nne hivi zinatoka kwenye ule ukijani na wekundu zinakuwa kahawia, ukiivunja moja inalia ka! Hiyo ndo karafuu. Lakini mvua ikizikuta jamvini zinavunda, rangi inakwenda, na ukizipeleka kwa mnunuzi daraja linashuka.

Siku moja nina miaka tisa hivi mama alikwenda msibani kwa jirani akaniachia majamvi mawili niyaangalie. Mchana wingu likaja zito. Mi nikapiga magoti palepale ukumbini, nikafumba macho, nikasali Salamu Maria kumi ili mvua ipite mbali, na nakwambia nilisali kwa imani ya kweli, sijui kama nimewahi kusali vile tena ukubwani. Mvua ikanyesha. Mama alipofika akateka karafuu mkono mmoja zimerowa, akazinusa, akanitazama. Hakunipiga. Akasema, "Kusali umefanya vizuri mwanangu. Na majamvi ulimwachia nani ayakunje?"

Kesho yake tukazianika upya, na keshokutwa tena, kwa jua ambalo si mimi wala mama aliyeliwasha.

Nakuhadithia haya kwa sababu kwenye barua yako nimeona magoti mengi sana na majamvi sijayaona. Umeniambia umefunga, umeombewa, umewekewa mikono, yote mema hayo wala usiyaache. Ila hukuniambia hasira inakuja saa ngapi. Inaanza na nani? Ukiwa na njaa au umeshiba, mwanzo wa shifti au mwisho? Na ikija mwili wako unafanya nini kwanza, sauti inapanda au shingo inakuwa moto? Miaka mitatu unapigana na mtu na sura yake hujaiangalia.

Nenda pale Kana kwenye Yohana 2, kwenye ile harusi iliyoishiwa divai. Yesu alikuwa na uwezo wa kuijaza ile nyumba divai bila mtu kunyanyuka. Badala yake akawaambia watumishi "Jalizeni mabalasi maji", yani ile mitungi mikubwa, na Yohana anasema wakayajaliza hata juu. Mabalasi yalikuwa 6 ya mawe, kila moja linachukua nzio mbili au tatu, ukipiga hesabu za leo ni kama lita 80 mpaka 120 kwa balasi moja. Yani kwa madumu yetu haya ya lita 20 ni madumu 24 mpaka 36, watu wanateka wanabeba wanamimina, kwenye harusi, wakati shida iliyopo ni divai na wala si maji! Sisi tuliokulia kwenye maji ya kisima tunajua dumu la ishirini na nane kiuno kinakuwaje. Hakuna hata mtumishi mmoja aliyegeuza tone likawa divai, hilo hawakuombwa. Waliombwa maji tu, na maji waliyaweza.

Kwaiyo swali lako ningeliuliza hivi, maji yako wewe ni yapi? Upole wenyewe, ule moyo uliotulia, huo ni divai, huwezi kujitengenezea hata ukijitahidi vipi, na nadhani ndo maana umechoka, umejaribu kutengeneza divai miaka mitatu. Ila kuna vitu vidogo unaviweza kesho asubuhi.

La kwanza ni yule dada. Ulimfokea mbele za watu, basi msamaha uombe mbele za watu hao hao, au angalau wawili watatu kati yao wawepo. Usimvizie stoo ukamnong'oneza. Usianze na "unajua siku ile nilikuwa na stresi". Sema nilikukosea, ulikuwa huna kosa, naomba unisamehe, ukanyamaza. Na kama wewe ni wa kuungama nenda kaungame, manake neema ya kitubio haifuti tu yaliyopita, inatia nguvu kwa yanayokuja.

Afu jaribu njia hii ya zamani. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, yule aliyekuwa askari kabla hajawa mtu wa sala, aliwafundisha watu wachukue kosa moja tu, moja, siyo tabia zote kwa mpigo. Asubuhi ukiamka unakusudia kwa jina, "leo Bwana nisaidie nisimfokee mwenzangu wa kazi". Mchana unajiangalia, usiku unajiangalia tena, na kila ulipoanguka unatia nukta kwenye mstari wa daftari, afu unalinganisha leo na jana, wiki hii na iliyopita. Na kuna kitu alikisema kinanigusa mno: papo hapo ukigundua umeanguka, weka mkono kifuani umwambie Mungu unajuta, hata ukiwa mbele za watu, hawatajua unafanya nini. Wewe pale kaunta fanya hivo. Mkono kifuani, pumzi moja. Pumzi ile ni ndogo lakini ndani yake umempa Mungu nafasi ya kupita.

Fanya wiki mbili tu kwanza, nukta zitakuwa nyingi mwanzoni, usitishike nazo. Zinakuonyesha jamvi lilipo.

Kuhusu huyo rafiki anayekwambia ndo ulivyoumbwa, mwambie asome habari za Musa. Kutoka 2, Musa anamuua Mmisri na kumficha mchangani, mtu wa hasira za kuua yule. Afu fungua Hesabu 12:3, imeandikwa alikuwa mpole sana zaidi ya wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi. Ni mtu yuleyule! Katikati hapo Mungu alimpeleka Midiani akachunga kondoo za mkwewe, Stefano kwenye Matendo 7 anasema miaka 40, na kondoo mwanangu huwezi kuwafokea wakakuelewa. Na usidhani baada ya hapo aliisahau kabisa hasira, pale Meriba uzeeni aliwakemea watu akaupiga mwamba mara mbili na ikamgharimu. Kwaiyo damu yako kuwa ya moto siyo dhambi, pengine ndo hiyo hiyo Mungu atakayokutumia kuwatetea watu, kama Musa alivyotetea. Anataka kuifundisha, si kuizima.

Na huyo mwengine wa "huombi kwa imani", nakuomba usimsikilize kwa hili. Neno lile limevunja mioyo ya watu wengi wazuri.

SWALI: Mwalimu hujambo, mimi mama wa watoto watatu naishi Wete. Huku Wakristo tuko wachache, majirani zangu karibu wote Waislamu na tunaishi vizuri sana, tunapeana futari wananiletea na mimi Krismasi napeleka. Sasa kinachonisuta ni kuwa wao mwezi mzima hawali mchana na wala hawalalamiki, hata mtoto wa miaka kumi anajaribu, mimi Kwaresima siku ya nne nimeshavunja. Na nilichokusudia kuacha wala si chakula, ni kusengenya kwenye grupu la WhatsApp la kina mama. Najitahidi siku mbili halafu mtu anaandika "mmesikia ya fulani?" basi nimo. Nimekosa nguvu au nimekosa nini?

JIBU: Sijambo dada, nakupa hongera kwanza kwa ujirani huo, ni mali kubwa.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu, siku tunayoanza Kwaresima, iliangukia tarehe 5 Machi na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu nyuma, kwaiyo tulifunga pamoja nao, na mimi niliona hichohicho unachokiona wewe. Lakini hebu angalia kwa makini wanafungaje. Wanaamshana daku. Mtaa mzima unanyamaza mchana na mtaa mzima unapata uhai magharibi. Mama anapika akijua jirani naye yupo jikoni. Huyo mtoto wa miaka kumi anajaribu kwa sababu kaka yake anafunga na baba yake anafunga. Sasa wewe Kwaresima yako umeifunga na nani? Peke yako, kimoyomoyo, na grupu lina watu wangapi sijui, wote wanavuta upande ule.

Umekosa mwenzako. Waebrania 10:24 inasema "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri". Ndo maana kanisa letu likaweka jumuiya ndogondogo, hata kama kwenu jumuiya ni watu watano na mmoja kila siku anachelewa. Mtafute mama mmoja tu, mmoja unayemwamini, mwambie waziwazi mimi nasengenya na nataka kuacha, kila Jumamosi niulize. Kuulizwa kunatisha, na kunasaidia sana. Neema ya Mungu mara nyingi inakuja na miguu miwili, inavaa kanga, inagonga mlango inauliza "vipi dada, wiki hii?"

Na lile grupu lizime sauti. Lisikuite wewe, ulifungue wewe, mara moja kwa siku, mchana ukiwa na kazi mkononi. Sikuambii utoke manake najua ndimo mnamopashana habari za misiba na michango. Likija la "mmesikia ya fulani" unazo njia mbili, kukaa kimya au kuandika jambo moja la kweli na jema kuhusu huyo fulani. Hiyo ya pili ndo dawa hasa. Kuacha kusema baya ni nusu tu ya safari, ulimi ukikaa mtupu utarudi ulikotoka, lazima uupe kazi nyengine. Fadhila siyo mahali palipofagiliwa pakabaki patupu, ni kitu kinachoota pale.

Siku utakayovunja usiseme Kwaresima imeharibika. Manna, kile chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, ilikuwa ya kuokota kila asubuhi, kichwa pishi, pishi hiyohiyo tunayopimia karafuu, na aliyelimbikiza ya jana ikaoza ikatoa wadudu. Nguvu ya Jumanne hupewi Jumatatu. Jumanne ukiamka iombe ya Jumanne.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe Mwalimu. Mimi nipo Mwanakwerekwe, nasali kanisa la Kipentekoste, nasoma sana makala zako ila hapa umenikwaza. Ukisema mtu ashirikiane na Mungu si unarudisha wokovu kwa matendo? Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema, ni kipawa cha Mungu. Mungu hahitaji msaada wetu.

JIBU: Amina ndugu yangu, na nashukuru umeniuliza mimi badala ya kunisema pembeni. Hapo mwisho nipo na wewe, Mungu hahitaji msaada. Hata yale mabalasi ya Kana hakuyahitaji.

Swali hili limewatoa watu jasho tangu kale. Miaka ya 400 na kitu alikuwepo mtawa mmoja akiitwa Pelagio, alifundisha kwamba mtu kwa nguvu zake mwenyewe anaweza kushika amri zote akitaka tu kwa dhati. Aliyempinga sana ni Mwafrika mwenzetu, Agostino, mzaliwa wa Tagaste huko ambako leo ni Algeria, askofu wa Hippo. Agostino alikuwa anasali hivi, "Toa unachoamuru, kisha amuru unachotaka", na Pelagio aliposikia sala hiyo alichukia kwelikweli, aliona inawafanya watu wavivu. Mtaguso, yani mkutano wa maaskofu, wa Kartago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagio, na ule wa Orange mwaka 529, huko Ufaransa, ukasema hata ile hamu ya kwanza ya kuamini ni neema. Kwaiyo ukinisikia nasema "jitahidi" usidhani namaanisha Pelagio, sisi huyo tulishamkataa zamani sana.

Lakini Agostino huyohuyo ndiye aliyesema kwamba Mungu aliyekuumba bila wewe hakufanyi kuwa mwenye haki bila wewe. Yote mawili yametoka kinywa kimoja. Na ile Waefeso 2 yako ukishuka aya mbili, ya 10, utakuta "tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo". Matendo ameyatengeneza yeye, ila anayetembea ndani yake ni mimi, miguu ni yangu. Paulo mwenyewe kwenye 1 Wakorintho 15:10 anasema alifanya kazi kupita wote, afu anajirekebisha palepale, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami". Mimi hilo "pamoja nami" nalipenda kuliko maneno yangu yote ya hapa.

Tena utafurahi kujua kwamba tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hili, kwamba tunahesabiwa haki kwa neema tu, siyo kwa stahili yetu, na neema hiyohiyo inatuita na kutuwezesha kutenda mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Tulirushiana maneno karibu miaka 500! Kwaiyo mimi na wewe tusianze upya hapa.

Uliza nafsi yako hili tu. Mtoto anayejifunza kutembea, baba kamshika mikono yote miwili, mtoto ananyanyua mguu. Kuna mtu anamwambia yule mtoto anadharau mikono ya baba yake kwa kunyanyua mguu?

SWALI: Mwalimu nitajuaje kama nakua kiroho? Mbona sijisikii tofauti yoyote? (Dada wa Tomondo)

JIBU: Usijisikilize, muulize unayeishi naye. Mtu anayekua mara nyingi ndo wa mwisho kujua, mkarafuu haujisikii ukirefuka. Angalia pia unachukua muda gani kurudi. Zamani ukinuna ulinuna wiki nzima, siku hizi siku mbili? Basi mshukuru Mungu na uendelee. Na ukianza kuona makosa yako mengi kuliko zamani usiogope, chumba kikiingia mwanga ndo vumbi linaonekana.

SWALI: Mwalimu salaam. Mimi mzee wa miaka 71, Mwanglikana, nasali Mkunazini tangu mtoto. Nasoma haya ya kukua kwenye fadhila naona ni ya vijana. Pale kanisani kwetu zipo zile nguzo ambazo watu husema mafundi waliziweka juu chini Askofu Steere aliyelijenga akiwa hayupo. Mimi naziangalia kila Jumapili najiona mimi. Nilijijenga vibaya toka mwanzo, kwa kiburi. Nina mwanangu wa kiume yuko Dar es Salaam, hatujasemeshana mwaka wa tisa huu, kisa shamba. Namwomba Mungu anipe moyo wa kusamehe, bado sijaupata. Nimechelewa?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena usiku.

Nguzo zile nazijua, nimezishika kwa mkono. Hazikubomolewa. Askofu Steere alifariki mwaka 1882 na amelala mle mle, nyuma ya altare, na kanisa lake mpaka leo limesimama juu ya nguzo hizo hizo, pahala palepale palipokuwa soko la watumwa. Kama Mungu alikubali kuabudiwa katika pahala pale, basi mzee wangu hakushindwa na wewe.

Kuchelewa unaniuliza mimi, lakini nadhani Mathayo 20 unaijua kuliko mimi. Wale wa mwisho waliajiriwa saa kumi na moja, na saa za Biblia yetu ni saa zetu hizihizi, saa kumi na moja ya jioni, jua la upande wa Shangani limeshakuwa jekundu na watu wanashuka Forodhani kupunga upepo. Mwenye shamba akawaambia enendeni nanyi. Ujira walipewa kamili, lakini kwanza walikwenda shambani, walifanya ile saa moja.

Unasema unangoja moyo wa kusamehe. Mzee wangu, kwa heshima zote, usiungoje. Huo moyo ndo divai niliyomwambia kijana wa Paje huko juu. Wewe una simu, na namba yake najua unayo, mzazi haifuti. Usianze na habari za shamba, na kama yeye ataanza nalo mwambie la shamba tutalizungumza siku nyengine, leo nataka kujua kama u mzima. Muulize wajukuu. Kama kuna mjukuu hujawahi kumwona muulize jina lake nani.

Kabla hujapiga sali kidogo, ukisali uwe umeshaishika simu mkononi. Inawezekana moyo ukaja ile simu inaita, inawezekana ukaja mwezi wa tatu baada ya simu ya kumi. Mimi nakuombea kwa jina kuanzia leo usiku, na wasomaji naomba mtusaidie.

Mpigie kabla ya Jumapili. Kama hapokei mtumie meseji ya sauti, usiandike. Sauti yako ataijua.